Tumbo la ndama ndilo linaloamua mtamba wako atashika mimba lini (uzi)

#1 Zizi la Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu wa jukwaa la mifugo, salaam kwenu.

Kuna maswali matatu hayaishi humu. Mtamba (jike ambaye hajazaa bado) ana miaka miwili na nusu hajawahi kuonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume. Ndama anakula lakini hakui, kinachokua ni tumbo tu. Ndama anaharisha, nimpe dawa gani. Majibu yanayofuata karibu yote ni sindano: vitamini, dawa ya minyoo, wengine hata homoni. Mimi nashinda na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Nyanda za Juu Kusini, na ninachokiona mabandani ni kwamba mara nyingi mtamba aliyechelewa aliharibika kabla hajafikisha miezi mitatu, tena aliharibikia tumboni. Naomba tulizungumze tumbo hilo kwa kirefu, maana ukishalielewa sindano nyingi hutazihitaji.

Tuanze na ng'ombe mzima. Tumbo lake lina vyumba vinne. Rumeni ndiyo kubwa, imejaza karibu upande wote wa kushoto kuanzia nyuma ya mapafu hadi nyongani, na kwa ng'ombe mkubwa inabeba lita 100 na zaidi. Mbele yake ipo retikulamu, ambayo ni ndogo na imekaa jirani kabisa na moyo. Misumari na vipande vya waya anavyomeza ng'ombe huishia humo, ndiyo maana msumari mmoja unaweza kutoboa hadi kwenye moyo. Inafuata omasamu, yenye kurasa nyingi za nyama zinazofyonza maji. Ya mwisho ni abomasamu, ambayo ndiyo tumbo kwa maana ya tumbo letu sisi, lenye asidi na vimeng'enya. Kwa ng'ombe mzima rumeni peke yake ni kama asilimia 80 ya ujazo wote, na abomasamu ni kama asilimia 8 hivi.

Ndama anapozaliwa hesabu hiyo iko kinyume. Abomasamu inachukua kama asilimia 60, rumeni na retikulamu kwa pamoja kama asilimia 30. Rumeni yake ni kifuko kilicholegea, ukuta wake mwembamba na laini, na bado haina jeshi la bakteria la kuchachusha chakula. Kwa hiyo ndama wa wiki moja si mnyama wa kucheua. Ni mnyama wa tumbo moja anayeishi kwa maziwa. Majani kwake si chakula bado, na urea inayochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe wakubwa kwake ni sumu.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho wafugaji wengi hawajawahi kuambiwa. Umio unapoishia tumboni kuna mfereji wenye kingo mbili za misuli. Ndama anaponyonya, kingo hizo hukunjana zikafunga na kuwa bomba, maziwa yakaipita rumeni moja kwa moja hadi abomasamu. Huko yanakutana na kimeng'enya cha renini, yanaganda ndani ya dakika chache, na lile donge linameng'enywa taratibu kwa saa kadhaa. Kinachofunga mfereji huo ni tendo la kunyonya, ladha ya maziwa yenyewe, joto lake, na mazoea ya ndama kulishwa saa zile zile na mtu yule yule. Mpe maziwa yaliyopoa, leo asubuhi kesho mchana, kwenye ndoo iliyokaa sakafuni mpaka ainamishe shingo chini kabisa, mfereji haufungi vizuri. Maziwa yanamwagikia kwenye rumeni, yanachacha ovyo, tumbo linajaa upande wa kushoto baada ya kunywa, kinyesi kinakuwa cha kijivu na kinanata. Hapo mtu anakimbilia duka la dawa.

Kwa hiyo ndama apate lita 4 za maziwa kwa siku, yawe na joto la nyuzi 38 au 39, la mwili wa mama yake. Ndoo iinuliwe kama sentimita 30 kutoka sakafuni, au utumie chupa yenye chuchu. Saa za kulisha zisibadilike.

Nitaendelea na dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, kwenye posti inayofuata, halafu tuje kwenye ukuaji.

#2 Mama Ndama

Nimekaa hapa mbele, endelea. Mimi huwa nawafundisha kunywa kwenye ndoo kwa kuwapa kidole wanyonye, halafu nashusha mkono taratibu ndani ya maziwa. Kumbe ile kunyonya kidole ina maana yake.

#3 Zizi la Juu

Ina maana kubwa, Mama. Ukiweka kidole kinywani mwa ndama mwenye afya unahisi ulimi unakizungushia na kukivuta kwa nguvu hadi kooni. Hapo ndipo mfereji unapofunga. Ndama akipokea kidole bila kuvuta, ulimi umelala na kinywa ni baridi, usimmiminie maziwa kwa nguvu, huyo ni mgonjwa. Mpime joto njia ya haja kubwa: 38.5 hadi 39.5 ndiyo salama yake. Akiwa chini ya 38, mpashe joto kwanza.

Tuje kwenye dang'a.

Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili kutoka kwenye damu ya mama kwenda kwa ndama aliye tumboni. La binadamu linapitisha, la ng'ombe halipitishi. Ndama anaanguka kwenye matandiko ya banda lako karibu mtupu kabisa upande wa kinga. Kinga yote ya mwanzo iko kwenye dang'a, na utumbo wake mwembamba umeachiwa mlango wazi ili zile kingamwili zipite zikiwa nzima kwenda kwenye damu. Mlango huo unaanza kufungwa tangu saa za mwanzo, na ikifika saa 24 umeshafungwa. Dang'a utakayompa siku ya pili itamlisha na kumlinda kidogo ukuta wa utumbo, lakini damuni haiingii tena.

Kiasi ni asilimia 10 ya uzito wake. Ndama wa Friesian wa kilo 35 hadi 40 apate lita 3.5 hadi 4, ndama wa Jersey wa kilo 25 apate lita 2.5. Anywe ndani ya saa mbili za mwanzo ikiwezekana, zisipite sita, kisha apewe tena lita mbili ndani ya saa 12. Iwe dang'a ya mkamuo wa kwanza, maana mkamuo wa pili tayari nguvu yake imeshuka karibu nusu. Nzuri ni nzito na ya manjano, ingawa rangi peke yake haitoshi kuipima. Mwenye kifaa cha kupimia sukari kwenye matunda anaweza kukitumia: ikisoma 22 na kuendelea, hiyo ni dang'a ya kumpa ndama.

Na hapa naomba tusemezane kwa ukweli. Nyumba nyingi bado zinakamua dang'a ikapikwa, watoto wakala, ndama akaachiwa kilichobaki. Nyingine zinaogopa kwamba dang'a nyingi itamharisha ndama, kwa hiyo wanampa nusu lita. Ndama hao ndio tunaowazika wiki ya pili. Kama mama ametoa ya ziada baada ya ndama kushiba, pikeni. Kabla ya hapo, yote ni ya ndama.

Jambo la mwisho kwenye hili: dang'a inatengenezwa kwenye kiwele wiki za mwisho kabla ya kuzaa. Ng'ombe anayekamuliwa hadi siku anapopata uchungu dang'a yake ni hafifu. Mkaushe siku 60 kabla.

#4 MzeeWaMaksai

Mkuu, somo ni zuri ila naona mnayakuza mambo. Baba zetu walifuga mamia ya ng'ombe wa asili, hakuna aliyepima joto la maziwa wala kuinua ndoo sentimita 30. Ndama aliachwa na mama yake na alikua.

#5 Zizi la Juu

Mzee wangu, shikamoo. Unasema kweli, na maelezo ya tumbo yanaiunga mkono hoja yako. Ndama anayenyonya mama yake anapata maziwa yenye joto sahihi, mara nyingi kwa siku, shingo ikiwa imenyooka kwenda mbele, na anavuta kwa chuchu. Mfereji unafunga kila mara. Aliyeleta shida ni sisi tuliomtenga ndama na mama ili tuuze maziwa, halafu hatukumrudishia vile vitu alivyokuwa akivipata bila kuomba.

Tena kuna njia ya katikati ambayo kwa ng'ombe chotara naipenda sana. Unakamua, unaacha chuchu moja au unaacha maziwa ya mwisho, kisha ndama ananyonya kama nusu saa asubuhi na jioni. Mama anaachia maziwa vizuri na ndama anamaliza yaliyobaki kwenye kiwele. Kwa mfugaji wa ng'ombe mmoja au wawili sioni sababu ya kuhangaika na ndoo.

Ila ng'ombe wa baba zetu alikuwa akizaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne. Aliyechukua mkopo kununua mtamba wa maziwa hawezi kusubiri kiasi hicho.

#6 Shamba la Kinangop

Salamu kutoka Nyandarua, Kenya. Swali langu ni hili. Sisi hapa huanza kuwapa ndama nyasi kavu mapema sana, wiki ya kwanza, kwa sababu tumeambiwa nyasi ndizo zinapanua rumeni. Lakini ndama wangu wakifika miezi mitatu wana matumbo makubwa, mgongo umechongoka na nywele zimekauka. Nimewapa dawa ya minyoo mara mbili. Shida ni nini?

#7 Zizi la Juu

Ndugu wa Kinangop, swali lako ndilo kiini cha uzi huu, niruhusu nilijibu kwa urefu.

Rumeni inakua kwa namna mbili tofauti, na tunazichanganya. Kuna kukua kwa ukubwa na misuli, na kuna kukua kwa ukuta wa ndani. Ukienda machinjioni ukapasua rumeni ya ng'ombe mzima ukaiosha kwa maji, pitisha kiganja kwa ndani: ni kama taulo nzito, imejaa vijinyama vilivyosimama, vingine vinakaribia urefu wa sentimita moja, vya kahawia iliyokolea. Vijinyama hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Bila hivyo rumeni ni gunia tu. Ndama anazaliwa bila hivyo, au navyo vidogo sana visivyoonekana vizuri.

Swali ni nini kinavikuza. Maziwa hayavikuzi, kwa sababu hayapiti rumeni. Ndama anayekunywa maziwa peke yake hadi wiki ya sita anakuwa na uzito mzuri, lakini rumeni yake kwa ndani bado ni laini. Nyasi zinapanua mfuko na kujenga misuli yake, ila zinachachuka polepole na asidi yake kubwa ni asetiki, ambayo haichochei sana vijinyama. Kinachovichochea ni asidi ya butiriki, na nyuma yake propioniki, na hizi zinatoka kwa wingi bakteria wanapochachusha wanga wa nafaka. Kwa lugha ya bandani: punje ndizo zinazojenga ukuta wa rumeni, nyasi zinajenga mfuko.

Ndama wako wamepata mfuko bila ukuta. Nyasi zinaingia, zinakaa muda mrefu, hazichachuki vya kutosha, na hata zinachokitoa hakifyonzwi vizuri. Tumbo linaning'inia, mnyama ana njaa. Minyoo nayo inaweza kuwepo, lakini hata ukiimaliza yote tumbo hilo halitarudi kwa dawa.

Fanya hivi kwa ndama wajao. Kuanzia siku ya tatu au ya nne weka konzi moja ya chakula cha ndama kwenye chombo safi, hata kama hakigusi. Baada ya kumaliza maziwa mpake kidogo mdomoni. Kila siku toa kilichobaki umpe ng'ombe mkubwa, weka kingine kipya, maana ndama hali chakula kilicholowa mate. Protini iwe asilimia 18 hadi 20. Punje ziparazwe, zisisagwe kuwa unga laini, vumbi linamkaba na hapendi.

Na maji! Watu wengi humu wanasema ndama anapata maji kwenye maziwa. Maziwa yanakwenda abomasamu. Bakteria wako rumeni, na bila maji hawaishi wala hawachachushi kitu. Maji anayokunywa ndama mwenyewe kwenye ndoo mara nyingi hayafungi ule mfereji, kwa hiyo yanaingia rumeni, na ndiko yanakohitajika. Weka maji safi tangu wiki ya kwanza. Ukiweka maji utaona anakula chakula kikavu zaidi.

Nyasi laini, zilizokauka vizuri, zianze kidogo kidogo kuanzia wiki ya tatu au ya nne, zisichukue nafasi ya chakula cha nafaka. Mabingobingo marefu yenye mashina magumu usimpe ndama kabisa.

#8 bonde_la_usangu

Mchanganyiko wa chakula cha ndama ni upi mkuu? Kile cha dukani huku hakipatikani kila mara.

#9 Zizi la Juu

Kwa kilo 100: mahindi yaliyoparazwa kilo 50, soya iliyokaangwa na kuparazwa kilo 25, mashudu ya alizeti kilo 22, madini ya mifugo kilo 2, chumvi kilo 1. Protini itakaribia 19, ila inategemea mashudu yako. Yakiwa na maganda mengi protini inashuka, chagua yaliyokobolewa. Soya lazima ikaangwe, mbichi ina vitu vinavyozuia protini kumeng'enywa. Usiweke urea, na mahindi yenye ukungu yasiingie kabisa.

#10 Chuma_Mboga

Mimi ni mfanyabiashara kwanza. Unasema lita 4 kwa siku kwa ndama, mpaka lini? Hayo maziwa mimi ninauza. Ndama wangu wanapata lita mbili, moja asubuhi moja jioni, na wanaishi.

#11 Zizi la Juu

Tuhesabu basi kibiashara. Lita 4 kwa siku 70 ni lita 280. Ukitoa lita 2 unaokoa lita 140.

Chukua chotara ambaye akikomaa atakuwa na kilo 400. Mtamba anapata joto la kwanza kwa kufuata uzito kuliko umri: huanza akifika kama asilimia 40 hadi 45 ya uzito wake wa utu uzima, na anafaa kuhimilishwa, yaani kupandikizwa mbegu ya dume, akifika asilimia 55 hadi 60. Kwa huyu wetu ni kilo 220 hadi 240. Amezaliwa na kilo 30, kwa hiyo anatakiwa aongeze kilo 210. Akiongeza gramu 450 kwa siku, anafika kwenye miezi 15 au 16. Akiongeza gramu 200 kwa siku, ambayo ndiyo kasi ya ndama wa lita mbili na majani ya barabarani, inamchukua siku 1,050, karibu miaka mitatu. Ongeza miezi tisa ya mimba. Mmoja anazaa akiwa na miaka miwili na kitu, mwingine anakaribia minne.

Pengo hilo ni zaidi ya mwaka na nusu wa kumlisha mnyama asiyetoa hata kikombe. Kwa ng'ombe wa lita 8 kwa siku, mkamuo mmoja wa siku 305 ni lita 2,440. Wewe umeokoa 140.

Kuhusu mpaka lini: usihesabu wiki, angalia anachokula. Mwachishe maziwa akiwa anakula kilo moja ya chakula cha ndama kwa siku, siku tatu mfululizo. Jersey na chotara wadogo, kama gramu 700. Kwa wengi huwa wiki ya nane hadi ya kumi na mbili. Punguza maziwa taratibu ndani ya wiki moja hadi mbili. Ukimkatisha ghafla huku rumeni haijawa tayari, anapoteza kilo alizozipata.

#12 daktari_wa_kata

Mimi ni daktari wa mifugo, naongezea mawili tu.

Kwanza, ndama akiharisha msimnyime maziwa. Kinachomuua ni kukauka maji na chumvi mwilini. Vuta ngozi ya shingo halafu iachie: ikikawia kurudi na macho yamezama, amepoteza maji mengi. Mpe maji ya chumvichumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndama katikati ya milo ya maziwa, usiyachanganye na maziwa yenyewe kwa sababu yanaweza kuzuia kuganda. Akishindwa kusimama anahitaji dripu, mwiteni mtaalamu. Na kila homa ya ndama msiihusishe na tumbo. Tezi chini ya sikio zikivimba na joto limepanda hadi 40 au 41, fikirieni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, saa zinahesabika.

Pili, namna ya kujua rumeni imeamka. Simama upande wa kushoto, kunja ngumi, ibonyeze kwenye lile bonde lililo nyuma ya mbavu ya mwisho, chini ya mfupa wa mgongo, utulie. Kwa ng'ombe mzima mwenye afya unahisi wimbi linainua ngumi yako mara moja hadi mbili kwa dakika. Kwa ndama utaanza kuhisi kitu pale anapokula nafaka na kucheua vizuri. Ng'ombe akilala muda mrefu hachezi taya, ngumi haiinuliwi, jua kuna tatizo hata kama bado hajaacha kula.

#13 Zizi la Juu

Asante sana daktari, hapo kwenye kutonyima maziwa umeokoa ndama wengi.

Nigusie ukuaji wenyewe, maana kuna mtego baada ya kuachisha maziwa. Mwili wa mnyama hauongezeki sehemu zote kwa pamoja. Ubongo na mishipa ya fahamu vinatangulia, unafuata mfupa, kisha msuli, mafuta huja mwisho. Ndiyo maana ndama anazaliwa na kichwa kikubwa na miguu mirefu, na kiuno na mapaja yanajaza baadaye. Ukimnyima chakula wakati wa mfupa, anaweza kuja kunenepa ukimshibisha ukubwani, lakini kimo na upana wa nyonga havirudi vyote, na nyonga ndiyo njia ya kuzalia.

Upande wa pili, kiwele. Kuanzia kama miezi mitatu hadi kukaribia balehe, tishu ya kutengeneza maziwa inakua kwa kasi kuliko mwili wote. Ukimshindilia pumba na mahindi kipindi hicho hadi anene, nafasi kwenye kiwele inachukuliwa na mafuta, na hasara hiyo utaiona kwenye ndoo miaka miwili baadaye. Lengo ni mtamba mrefu, mwenye mbavu zinazoonekana kwa mbali. Gramu 450 hadi 500 kwa chotara zinatosha. Friesian halisi anaweza kwenda 700.

#14 Mama Ndama

Na sisi tunaohimilisha ng'ombe wa asili kwa mbegu ya Friesian? Naogopa ndama atakuwa mkubwa ashindwe kutoka.

#15 Zizi la Juu

Hofu yako ina msingi, ila mama ana sauti kubwa kwenye jambo hili. Mwaka 1938 Arthur Walton na John Hammond wa Cambridge walichapisha jaribio walilofanya kwa farasi: walichanganya Shire, wale wakubwa sana, na Shetland, wale wafupi, kwa uhimilishaji, kwa pande zote mbili. Mtoto aliyebebwa na mama wa Shire alizaliwa mkubwa, aliyebebwa na mama wa Shetland alizaliwa mdogo wa kumtosha mama yake, ingawa damu ya wazazi ni ile ile. Mfuko wa uzazi na kondo la nyuma vinaweka mpaka.

Kwa ng'ombe, dume naye anaongeza kitu, kwa hiyo mpaka huo si wa kutegemea kwa mtamba anayezaa mara ya kwanza. Huyo mpe mbegu ya Jersey, au dume lenye rekodi ya kuzalisha kwa urahisi. Ng'ombe wa asili aliyezaa mara mbili au tatu, mwenye mwili, sina wasiwasi naye.

#16 bonde_la_usangu

Mnadani muuzaji alisema mtamba ana mwaka na nusu. Nitahakikishaje? Na uzito nitaupataje bila mizani? Nimempima mzunguko wa kifua sentimita 120.

#17 Zizi la Juu

Mfungue mdomo uangalie meno ya mbele ya chini, juu hana, ana ufizi mgumu tu. Akiwa na meno ya utoto yote manane, yale madogo madogo meupe, hajafika miaka miwili au ndiyo anakaribia. Jozi ya katikati ikiwa imebadilika kuwa mipana, ana miaka miwili hivi, na kwa ng'ombe wa asili anaweza kuwa amepita hapo. Meno manne mapana ni miaka miwili na nusu hadi mitatu.

Uzito: tumia utepe wa fundi cherehani. Mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka kwenye ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Urefu wa huyo ni ngapi?

#18 bonde_la_usangu

105. Na ana meno mawili mapana.

#19 Zizi la Juu

120 mara 120 mara 105, gawa kwa 10,840, ni kama kilo 139. Mnyama wa miaka miwili au zaidi mwenye kilo 139 alidumaa utotoni. Usimhimilishe sasa hata akionyesha joto. Mpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa mtaalamu, malisho mazuri yenye mikunde kama lusina au desmodiamu, madini, na kilo moja na nusu ya chakula chenye protini kwa siku. Mpime kila mwezi kwa utepe ule ule, asubuhi kabla hajala. Akifika 220 mwite mhimilishaji. Kimo cha kutosha hatapata, kwa hiyo mbegu iwe ya Jersey.

#20 Shamba la Kinangop

Moja la mwisho kabla sijaenda kukama. Ng'ombe wangu amezaa pacha, dume na jike. Jike ni mzuri sana, nilitaka nimlee awe wa maziwa.

#21 Zizi la Juu

Hongera, ila subiri kidogo kabla ya kuwekeza kwake. Pacha wa ng'ombe mara nyingi mishipa ya damu ya makondo yao huungana wakiwa tumboni. Homoni za dume zinapita kwa jike na kuharibu viungo vyake vya uzazi vinapoanza kujengeka. Majike zaidi ya 9 kati ya 10 waliozaliwa na pacha dume ni tasa. Kwa nje anaweza kuonekana wa kawaida, wengine huwa na kinembe kikubwa na nywele ndefu ukeni.

Daktari wa mifugo anaweza kumpima akiwa na wiki chache: anaingiza kwa upole kifaa chembamba, safi, kilicholainishwa. Kwa jike wa kawaida kinaingia kama sentimita 12 hadi 15, kwa tasa kinagota kwenye 5 hadi 8. Kipimo cha damu nacho kipo. Akionekana tasa, mlee pamoja na dume kwa ajili ya nyama, na usimuuze kwa mtu anayetafuta mtamba wa kuzalisha.